Uzoefu Wangu na Vyungu vya Udongo vya Kijapani: cha Wali na cha Mezani

Chungu ninachokitumia zaidi jikoni kwangu, hapa Nagoya, ni donabe, yaani chungu cha udongo cha Kijapani, ya kupikia wali, yenye mifuniko miwili na ujazo wa gō 3 (gō ni kipimo cha Kijapani cha mchele), yaani takribani gramu 450 za mchele mkavu. Kimefinyangwa Iga, katika mkoa jirani wa Mie, kwa udongo unaotoka kwenye tabaka lililokuwa sakafu ya ziwa la kale, lililotangulia Ziwa Biwa la leo. Udongo huo una mabaki ya mimea iliyofukiwa humo mamilioni ya miaka iliyopita. Chungu kinapochomwa tanurini, mabaki huungua na kuacha vinyweleo vingi. Kwa sababu hiyo chungu huchelewa kushika moto na huchelewa vilevile kupoa, na karibu kila ninachokisifu au kukilalamikia hapa kinaanzia hapo.

Mchele wa Kijapani huoshwa, ukalowekwa kwa nusu saa hivi, kisha chungu huwekwa juu ya moto wa gesi wa wastani kwenda mkali. Baada ya dakika 13 hadi 15 mvuke hutoka kwa nguvu kwenye tundu la mfuniko. Ninasubiri dakika moja au mbili, ninazima jiko, na wali unaendelea kuiva wenyewe kwa dakika 20 bila mtu kuufunua. Hakuna kupunguza moto wala kukoroga. Waliokulia kwenye wali wa kupaliwa watauelewa utaratibu huu upesi, kwani kazi ya makaa ya juu hufanywa hapa na mifuniko mizito pamoja na joto lililohifadhiwa kwenye kuta za chungu. Punje hutoka ziking'aa, zimeshikamana bila kurojeka, na harufu ya mchele inasikika wazi kuliko katika jiko lolote la umeme nililowahi kutumia. Anayependa ukoko aache moto dakika moja au mbili zaidi. Ataupata mwembamba, wa rangi ya kahawia, usio na uchungu.

Kwa chakula cha mezani nina chungu kingine, kipana na kifupi, cha mtindo wa Banko kutoka Yokkaichi, mji unaotengeneza sehemu kubwa ya vyungu vya aina hii nchini Japani. Wafinyanzi wa huko huchanganya udongo na petalaiti, madini yenye lithiamu ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakiagizwa kutoka Zimbabwe, ili chungu kistahimili joto bila kupasuka. Nilifurahi sana kujua kwamba Afrika imo ndani ya chombo hiki. Wakati wa baridi ninakiweka katikati ya meza juu ya jiko dogo la gesi, ninachemsha mchuzi wa mwani wa konbu, kisha kila mmoja anaongeza na kujichotea kabichi ya Kichina, tofu, uyoga wa shiitake na samaki. Mwishoni wali na yai huingia katika mchuzi uliobaki, na kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Matunzo yanadai subira, na anayenunua ayajue mapema. Kabla ya matumizi ya kwanza, uji wa mchele hupikwa humo taratibu na kuachwa upoe kabisa, ili wanga uzibe vinyweleo. Sehemu ya chini ya nje haina glezi, yaani ule utando unaong'aa kama kioo, kwa hiyo ikiwa na unyevu isiguse moto, na chungu cha moto kisimwagiwe maji baridi. Baada ya kuosha ninakipindua mpaka kikauke kabisa, la sivyo huvunda. Nyufa nyembamba zinazoonekana kwenye glezi ni za kawaida. Donabe ya kawaida haifanyi kazi kwenye jiko la indaksheni (la umeme linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku), na changu cha wali, chenye uzito wa karibu kilo 4, si chombo cha kumpa mtoto akibebe.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja nacho ni ya Kijapani pekee, hivyo asiyesoma lugha hiyo atafute msaada kabla ya kuwasha moto. Familia ya watu watano ichukue cha gō 5, kwa sababu cha gō 3 kikijazwa kupita kiasi, povu la mchele hufurika hadi kwenye jiko.