Kununua DSLR mpya: chagua lenzi kwanza, bodi baadaye

Mpenzi wa picha aliyetenga fedha za DSLR mpya, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, asianze kwa kuulizia kamera. Aulizie lenzi. Madukani kwetu, iwe Kariakoo au Moi Avenue kule Nairobi, maneno mengi ni ya megapikseli, na mnunuzi huondoka na bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya bei kubwa iliyofungwa lenzi ya milimita 18-55 ya kwenye boksi. Mchana wa jua kali ataridhika. Jua likizama, lenzi ile ndiyo itakayomkwamisha, na fedha zitakuwa zimeshaisha. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuangalia ni lenzi zipi unazozifikia kwa bei ya kawaida ukiwa na bodi fulani.

Kuna jambo la kuliweka wazi mapema. DSLR ziko kwenye machweo yake. Mwaka 2021 mkuu wa Canon alisema EOS-1D X Mark III ndiyo itakuwa DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu kabisa, na Nikon haijatoa bodi mpya ya aina hii tangu D780 na D6 za mwaka 2020. Juhudi zote zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Hata hivyo mimi bado nampendekezea DSLR mtu wa bajeti ya kati. Canon imekuwa ikitengeneza lenzi za EF tangu 1987 na Nikon za F tangu 1959, kwa hiyo lenzi nzuri za mtumba zimejaa sokoni. Betri zake hukaa siku nzima ya shughuli. Na kwenye jua la saa saba mchana ufukweni, kuchungulia moja kwa moja kupitia kioo ni raha ambayo skrini haijaifikia.

Sasa tuione lenzi inavyofanya kazi. Chukua usiku wa kupaka hina: chumba cha kawaida, taa mbili za dari, bi harusi amekaa na mkono wa mpakaji hautulii. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi 55 inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Ukiweka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kuwa 3200, kamera inaweza kukupa kasi ya shata ya 1/30 ya sekunde, na kwa kasi hiyo ule mkono utatoka umefifia hata kama wewe umetulia kama nguzo. Kizuia mtikisiko kilichomo kwenye lenzi hakisaidii hapo, maana kinatuliza mikono yako, si ya mpakaji. Funga lenzi ya f/1.8. Inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, kwa hiyo kwa ISO ileile unafika kama 1/300. Vidole vinasimama, mstari wa hina unasomeka, na mandhari ya nyuma yenye viti vya plastiki na nyaya za umeme inayeyuka. Hakuna megapikseli zitakazokufanyia hivyo.

1. Nikon D7500 na lenzi ya AF-S DX 35mm f/1.8G

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na sababu kubwa ni hiyo lenzi. Kwenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya Nikon ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko ya fremu kamili yenye ukubwa wa filamu ya zamani, 35mm inaona takriban kama 52mm kwenye fremu kamili, yaani upeo unaotosha sebule, baraza na uso wa mtu bila kukulazimisha kurudi nyuma hadi ukutani. Ina gramu 200, na ilipotoka mwaka 2009 iliuzwa kama dola 200. Canon hawana lenzi ya aina hiyo kwa bei hiyo: 35mm yao ya f/2 ni nzuri sana lakini iko daraja jingine la fedha, na 50mm yao ya bei nafuu inabana mno ndani ya nyumba.

Bodi yenyewe ni ya 2017 na haijazeeka kwa kazi ya picha za mnato. Sensa ni ileile ya megapikseli 20.9 iliyokuwa kwenye D500, picha nane kwa sekunde, pointi 51 za fokasi, na kishikio kirefu ambacho vidole vyote vinapata nafasi. Halafu ina mota ya fokasi ndani ya bodi. Hilo ni jambo la kulitilia uzito. Lenzi za zamani za AF-D, ambazo hazina mota yake zenyewe, zinafokasi kwenye D7500 bila shida, wakati kwenye D3500 au D5600 utazungusha kwa mkono. Tahadhari ni moja: siku ukihamia Nikon zisizo na kioo, adapta ya FTZ haina mota, kwa hiyo lenzi hizo za AF-D zitarudi kuwa za mkono. Za AF-S, zenye mota yake zenyewe, zitaendelea kufokasi. Kama unanunua kwa kutazama mbele, weka fedha nyingi kwenye AF-S.

Upungufu wake: ina nafasi ya kadi moja tu, na ukitumia skrini badala ya kuchungulia, fokasi inakwenda polepole. Mtu wa video asiichukue.

2. Canon EOS 90D

Mtu wa video na picha kwa pamoja aanzie hapa. Ni ya 2019, megapikseli 32.5, picha kumi kwa sekunde, skrini inayogeuka pande zote, na ukirekodi kupitia skrini fokasi inashika uso na kuufuata kwa utulivu. Lenzi zote za EF zenye fokasi ya otomatiki zina mota ndani yake, kwa hiyo habari ya AF-D na AF-S huku haipo; na siku ukihamia mfumo wa R, yaani Canon zisizo na kioo, adapta ya Canon inazibeba zote, fokasi na kizuia mtikisiko pamoja.

Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu ya lenzi. EF 50mm f/1.8 STM ni zawadi kwa bei yake, ilitoka 2015 kwa dola 125 na kila mwenye Canon anapaswa kuwa nayo, lakini kwenye sensa hii inaona kama 80mm. Ni lenzi ya sura ya mtu, si ya chumba. Kwa chumba utaongeza EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba ya gramu 125, ambayo kwa mwanga haifiki ile 35mm ya Nikon. Megapikseli nyingi pia zinataka kadi kubwa na kompyuta yenye nguvu.

3. Canon EOS 250D

Gramu 449 pamoja na betri na kadi. Kwa mtu anayetembea, anayepanda daladala na kamera ndani ya mkoba, wepesi huo ndio utakaomfanya aibebe kila siku. Picha zake kwa lenzi nzuri ni vigumu kuzitofautisha na za bodi kubwa. Pointi za fokasi ni tisa tu unapochungulia, lakini kwenye skrini inajua sana. Video ya 4K inakata pembeni na kupoteza ile fokasi nzuri, kwa hiyo rekodi kwa 1080.

Kuna kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakisemi, na mimi nataka ukiangalie kwa macho yako kabla ya kulipa. Tazama juu ya kamera, pale fleshi ya nje inapochomekwa. Kwenye kamera nyingi, katikati pana kitufe kidogo cha chuma cha mviringo, na pembeni yake vingine vidogo zaidi. Kwenye 250D, 2000D na 4000D, Canon waliondoa hicho cha katikati. Fleshi za bei nafuu zenye mguso mmoja, pamoja na triga (vifaa vya kuwasha taa za studio) za aina hiyo, hutegemea kitufe hicho peke yake. Ukizichomeka hapo, shata inalia na taa haiwaki. Utahitaji fleshi au triga iliyotengenezwa mahususi kwa lugha ya Canon, nayo ina bei yake. Kama ndoto yako ni kupiga picha za studio au kuazima fleshi za wenzako ukumbini, 250D si ya kwako. Nenda na fleshi dukani, ichomeke, piga picha mbili. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

4. Nikon D780

Fremu kamili, ya 2020, megapikseli 24.5, nafasi mbili za kadi, na betri inayokadiriwa kupiga picha 2,260. Hii ndiyo DSLR ya Nikon ambayo fokasi yake kwenye skrini ni ya kisasa kabisa. Ningeiweka juu kama si bei: ilitoka kwa dola 2,300 bodi tupu, karibu mara mbili ya D7500. Mwenye kuziweza fedha hizo pamoja na lenzi mbili zinazostahili bodi hiyo, anunue bila wasiwasi. Atakayebaki na bodi na lenzi moja dhaifu ametupa fedha.

Pentax K-3 Mark III ya 2021 ni kamera ya kupendeza, imejengwa kwa upendo, ila kupata lenzi zake huku kwetu ni kazi. Naipita.

Na 4000D naomba uiache hata ukipewa bei ya kukuvutia. Mdomo wake, pale lenzi inapofungwa, ni wa plastiki, skrini ni ndogo, na huwezi kurekebisha kijicho cha kuchungulia kulingana na macho yako. Kwa fedha hizohizo, bodi ya mtumba ya daraja la kati iliyotunzwa itakufaa zaidi.

Lenzi ndefu za mbugani

Hapa ndipo watu wanaibiwa kisheria kabisa. Maboksi mengi ya Canon yenye lenzi mbili huja na EF 75-300mm III, ambayo haina kizuia mtikisiko na ncha yake ya 300 haina ukali. Iache. EF-S 55-250mm IS STM inaonekana fupi kwenye karatasi, lakini inatuliza mkono, inafokasi kimya, na ukiwa na sensa ya Canon inaona kama 400mm. Upande wa Nikon, AF-P DX 70-300mm ziko mbili zinazofanana kwa sura: chukua yenye herufi VR, yaani kizuia mtikisiko cha Nikon, kwenye jina. Asiye na VR ataokoa fedha kidogo na kujuta sana akiwa Serengeti gari linanguruma.

Kwa simba aliye mbali au ndege, Nikon 200-500mm f/5.6E VR ya 2015 kwenye D7500 inaona kama 750mm, na hiyo ni sababu nyingine iliyoipandisha bodi ile juu ya orodha yangu. Ina kilo 2.3, hivyo beba mfuko wa maharage au mchele wa kuilaza dirishani. Mwenye Canon aitazame Sigma 150-600mm Contemporary, nyepesi kidogo kuliko hiyo. Vyovyote iwavyo, usibadilishe lenzi gari likiwa kwenye vumbi. Chagua moja asubuhi na ubaki nayo.

Dukani

Jua majina. Canon hiyohiyo moja hubatizwa upya kila soko: 250D ni Rebel SL3 Marekani, 200D II Asia na Kiss X10 Japani. 2000D ni Rebel T7 au 1500D. 4000D ni Rebel T100 au 3000D. Nimesikia wauzaji wakieleza kuwa Rebel ni toleo la juu zaidi. Si kweli, ni kamera ileile, na tofauti pekee ya maana kwako ni kama waranti yake inaheshimiwa hapa ulipo. Nikon hutumia jina moja dunia nzima kwa hizi nilizozitaja.

Linganisha namba ya bodi na iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye karatasi ya waranti, na hakikisha imeandikwa pia kwenye risiti. Kwa Nikon kuna kipimo kizuri zaidi: piga picha moja, ihamishe kwenye kompyuta au simu, na usome taarifa zake kwa programu inayoonyesha idadi ya shata. Kamera inayoitwa mpya ikiwa na maelfu ya picha si mpya, na bei yake ishuke au uiache. Kisha funga lenzi hadi f/16 na upige ukuta mweupe au anga. Madoa meusi yaliyoganda mahali pamoja kwenye kila picha ni vumbi juu ya sensa.

Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Sisi wa mwambao, Tanga, Mombasa, Unguja, adui mkubwa ni fangasi: utaiona kama nyuzi za buibui ndani ya vioo. Vumbi dogo halina neno, nyuzi hizo zinasambaa. Na yako mpya usiilaze kwenye begi la ngozi kabatini. Iweke kwenye kontena la plastiki linalobana hewa, pamoja na vipakiti vya silika, na uvibadilishe au kuvikausha vikishalowa.

Kadi nunua mahali unapoweza kurudi. Ukifika nyumbani, kabla ya shughuli yoyote, ijaze yote kwa programu ya kupima kadi kama H2testw. Kadi bandia ya GB 128 inaweza kuwa na nafasi halisi ya GB 8, na itapokea picha zako zote bila kulalamika huku ikizifuta au kuziharibu nyingine.