Pafukapo Moshi: Uzoefu Wangu na SmokePing

Nasimamia mtandao wa chuo cha ufundi hapa Tanga, kompyuta kama 60 na simu nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kubishana. Kila siku ikikaribia saa nne asubuhi intaneti inaanza kukwama. Nikimpigia mtoa huduma najibiwa: "Kaka, huku kwetu kila kitu kiko sawa. Zima rauta, uwashe tena." Nazima, nawasha, hali ni ile ile. Ping ninayoipiga wakati huo huo, yaani kuiita mashine nyingine na kupima inavyojibu, inaonyesha hali ya dakika hiyo tu, na fundi akija jioni anakuta mambo shwari.

Machi 2023 nikaiweka SmokePing kwenye kompyuta chakavu ya stoo yenye RAM ya GB 2, juu ya Debian, mfumo endeshi wa Linux. SmokePing ni programu huria, hailipiwi chochote, kazi ya Tobias Oetiker wa Uswisi, yule yule aliyetengeneza MRTG, programu ya kuchora grafu za matumizi ya mtandao. Inachofanya ni kidogo sana. Kila baada ya dakika 5 inatuma pakiti 20, yaani vipande vidogo vya data, kwa kila mashine uliyoitajia, inaangalia zimerudi ngapi na kwa milisekunde ngapi, kisha inachora grafu. Pakiti zikirudi kwa mwendo mmoja unaona mstari mwembamba wa kijani. Zikirudi kwa kupishana, kijivu kinatanda juu na chini ya mstari. Huo ndio moshi wenyewe. Zikipotea, mstari unabadilika rangi, kutoka kijani kwenda buluu, zambarau, hadi nyekundu.

Ujanja wote uko katika kuchagua cha kupima. Mimi niliweka mistari mitatu: rauta yetu ya ndani, kifaa cha kwanza cha mtoa huduma baada ya rauta yetu, na seva iliyo mbali, ng'ambo ya bahari. Moshi ukianzia mstari wa kwanza, tatizo ni letu. Ukianzia wa pili, ni la njia kati yetu na mtoa huduma. Ukiwa wa tatu peke yake, liko mbele zaidi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikahangaika, mistari yangu miwili ya kwanza ilitulia kimya na wa tatu ukaharibika kabisa. Sikumpigia mtu simu siku hiyo. Nilimweleza mkuu wa chuo kilichotokea, akaelewa kwa kutazama tu.

Turudi kwenye ile saa nne. Baada ya wiki moja grafu ilionyesha moshi mzito kwenye mstari wa pili, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, siku za kazi tu. Sikukimbilia kulalamika, maana wanafunzi wetu wenyewe wakiijaza njia, mstari huo huo utafuka. Nikasubiri likizo ya Juni. Chuo kitupu, kompyuta zimezimwa, na moshi uko pale pale, saa zile zile. Nikachapisha grafu za siku kumi, nikazipeleka ofisini kwao mkononi. Safari hii hakuna aliyeniambia nizime rauta. Ikaonekana antena inayotuhudumia imebeba wateja kupita uwezo wake. Wakatuhamishia nyingine, na mstari umekuwa mwembamba tangu hapo.

Lawama yangu kwa SmokePing ni jinsi inavyopangwa. Unaandika kila kitu kwa mkono kwenye faili la Targets, ngazi zikionyeshwa kwa alama za kujumlisha. Moja kwa kundi, mbili kwa mashine iliyo ndani yake. Ukikosea alama moja, huduma inagoma kuwaka. Sura ya kurasa zake nayo ni ya zamani. Na haikwambii nani anakula bando. Kwa hilo nimeweka pembeni LibreNMS, programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao, ambayo ni nzuri ila inataka mashine yenye nguvu zaidi na swichi zinazojibu SNMP, lugha ya kuviuliza vifaa hali yao.

SmokePing naitumia pamoja na mtr, programu inayopima kila kituo, yaani kila rauta, ambacho pakiti hupitia njiani, na hapa nitoe tahadhari kwa sababu imewahi kunipotosha. Niliona kituo cha tatu njiani kinapoteza asilimia 60 ya pakiti, nikapandisha sauti kwenye simu. Kumbe vituo vyote vilivyofuata vilikuwa na upotevu wa sifuri. Rauta nyingi hupunguza makusudi majibu ya aina hiyo ili zishughulike na kupitisha pakiti za watu. Upotevu wa kweli ni ule unaoanzia mahali na kuendelea hadi mwisho wa safari.

Baada ya ile hama-hama ya antena, ofisi ya uhasibu iliendelea kulalamika. Nikaweka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya mashine mbili, kwenye seva yetu na kwenye laptopu yangu, nikapita chumba kwa chumba. Kila mahali napata megabiti 930 na zaidi kwa sekunde; kwa mhasibu, 94. Anayejua namba hiyo anajua ni kebo: kasi ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, inahitaji jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo, na jozi moja ikikatika vifaa huweza kukubaliana kushuka hadi 100. Tulipovuta kabati la mafaili tukaikuta kebo imebanwa na mguu wake. "Si nilikwambia, mwanangu," mama mhasibu akasema, "nilikwambia ni humu humu ndani." Alikuwa amesema kweli, tena mara nyingi, nikawa namjibu kama nilivyokuwa najibiwa mimi. Nikamwomba radhi.

Wiki iliyopita nimeongeza mstari wa nne, swichi ya bweni la wasichana. Kuna moshi kila saa mbili usiku. Jumamosi napanda darini.