Leza au taa ya sodiamu kwa jaribio la mianya miwili?

Katika jaribio hili nuru hupita kwenye mianya miwili myembamba na kuchora michirizi ya mwanga na giza kwenye kiwambo. Michirizi hutokea mawimbi mawili yakiwa na masafa sawa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) na tofauti isiyobadilika ya awamu, yaani hatua ambayo kila wimbi limefikia katika mtetemo wake. Ndiyo maana taa mbili tofauti hazifai kamwe: nuru moja hugawanywa na mianya miwili.

Kwa urahisi, leza inashinda. Nuru yake tayari ina mpangilio (mawimbi yake hulingana awamu), hivyo huelekezwa moja kwa moja kwenye mianya. Ikiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 650, mianya iliyoachana milimita 0.25 na kiwambo mita 2 mbali, michirizi huachana milimita 5.2, na darasa zima huiona ukutani.

Taa ya sodiamu (nanomita 589) hudai subira. Inahitaji dakika kadhaa kupata moto, chumba chenye giza na mwanya mmoja wa kutangulia, sambamba kabisa na ile miwili. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwanya huo ukiwa sentimita 10 nyuma ya mianya hiyo miwili, upana wa milimita 0.1 unafaa, ukikaribia 0.24, michirizi hufutika, kwa kuwa kila sehemu ya mwanya huchora michirizi yake mahali tofauti kidogo. Lakini hilo ndilo somo lenyewe: leza humficha mwanafunzi sharti hili.

Kwa usalama, sodiamu ni bora. Michirizi yake hutazamwa kwa lenzi ya kutazamia iliyo karibu na jicho, jambo la hatari kubwa kwa leza.

Mwenye kipindi kifupi achukue leza. Anayefundisha kwa nini chanzo kiwe chembamba, avumilie sodiamu.