Vikombe sita kutoka kwa mtu na mkewe: nimeridhika, ila nina neno

Nianze na mkono wa kikombe, maana ndio ulioniuzia. Vidole vitatu vinaingia bila kubanana, na juu, pale mkono unaposhikana na kikombe, pana kibonyeo kidogo. Mwanzoni nilidhani ni pambo. Kumbe ni alama ya dole gumba la mfinyanzi, alipoubandika mkono udongo ukiwa umeanza kukauka lakini bado unasikia. Dole langu linakaa humo humo kila asubuhi.

Wanaovitengeneza ni mtu na mkewe. Kwa miaka minne walikuwa wakifinyanga jioni wakitoka kazini, wakigawia ndugu na majirani, hadi makabati ya ndugu yakajaa. Ndipo wakaanza kuuza. Mimi niliagiza vikombe sita na bakuli kubwa moja.

Niliahidiwa wiki tatu. Mzigo ukaingia wiki ya saba.

Vyombo hivi huchomwa mara mbili. Kwanza kama nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha vinachovywa kwenye gleizi, ule uji wa madini unaogeuka kioo motoni, halafu vinarudi tanurini hadi nyuzi 1,240. Kwenye zamu yangu uji ulikuwa mzito kupita kiasi. Ukatiririka ukagandisha vikombe kwenye rafu ya tanuri. Mume alinitumia picha: vikombe vinne vimenasa, patasi pembeni, kimoja kimeshabanduliwa kitako. Chini yake ameandika, "Tunaanza upya, tuwie radhi." Basi. Nimezoea wauzaji wa "mzigo uko njiani" wakati mzigo haujafungwa, kwa hiyo picha ile ilinituliza kuliko maneno yoyote.

Hata hivyo, hizo wiki tatu zilitoka wapi? Udongo haukurupushwi. Ukiuchoma ukiwa na unyevu, mvuke unaupasua. Tanuri nalo lina ratiba yake: likishazimwa linaweza kupoa siku nzima na zaidi, na ukilifungua kwa pupa vyombo vinapata nyufa. Haya wanayajua wao kuliko mimi. Nadhani waliogopa kwamba nikisikia wiki nane nitaondoka. Nisingeondoka. Ningeudhika mara moja tu badala ya kila Jumatatu.

Mzigo wa kwanza ulikuja na kikombe kimoja kilichokatika mkono. Kilifungwa kwa gazeti pekee, na mikono ilikuwa imegusana na ukuta wa boksi. Hakukuwa na ubishi, nilitengenezewa kingine, na safari hii kilifungwa ndani ya boksi lililowekwa ndani ya boksi jingine lililojazwa vipande vya karatasi. Wamejifunza kwa kikombe changu, si neno.

Sasa ubora. Nimevigonga vyote kwa ukucha na vinalia kama kengele. Chenye ufa kingetoa sauti iliyokufa. Kimoja nilikiwekea kipande cha limau usiku kucha, maana gleizi isiyoiva huchujuka rangi ikikutana na asidi. Asubuhi rangi ilikuwa ile ile: kijani kinachoelekea buluu, kikikolea karibu na kitako ambako uji umejikusanya. Nimejaza maji kingine nikakiweka juu ya karatasi kavu, karatasi haikulowa. Kitu kimoja tu: vitako havijapakwa gleizi, na viwili havikusuguliwa vizuri. Kimoja kimenichorea meza.

Neno langu lenyewe ni hili. Ukivipanga sita mstari mmoja, unaona vinne vya mtu mmoja na viwili vya mwingine. Udongo husinyaa kama sehemu moja ya kumi, wakati mwingine zaidi, tangu ukiwa mbichi hadi unapotoka motoni, kwa hiyo tofauti ndogo ya urefu naielewa. Hii si ya urefu. Vinne vina mdomo mwembamba, unakunywa bila kuhisi ukingo. Viwili vina mdomo mnene na uzito wote uko chini, kama kwamba aliyefinyanga alichoka kabla ya kuupandisha udongo. Vya kwanza ni vya mke, vya pili ni vya mume. Chini vyote vina muhuri mmoja na bei moja. Bakuli pia ni la mume, na hapo ule unene unafaa: limetulia, halitikisiki hata nikikoroga kwa nguvu.

Nilipokwenda kuchukua kile cha fidia nilikaribishwa chai. Wao wenyewe wanakunywea vikombe vilivyopinda, kimoja hakina mkono kabisa. Mfinyanzi hulia gae, nikamwambia mume. Akacheka, akanionyesha daftari. Ameandika udongo, umeme wa tanuri, maboksi. Saa zao za kazi hazimo. Nikamuuliza, akasema jioni zile wangefinyanga hata kama hakuna mteja. Mke, aliyekuwa akikanda udongo kuutoa hewa, hakuinua kichwa. "Zamani, ndiyo," akasema.

Nimeagiza vingine vinne, na nimeomba waziwazi viwe vya mkono wa mke. Jibu likaja kutoka kwa mume: vya mke vimeshikwa mpaka miezi miwili ijayo, vyake vipo tayari rafuni, naweza kuvipata kesho.

Nimesema nitasubiri.