Playfair Display imenilia herufi kwenye kadi za sendofu

Naandika tathmini hii ya fonti nikiwa bado na hasira, na hasira zenyewe sijui nimshushie nani.

Kadi zilikuwa 300, za sendofu ya mdogo wangu. Fonti, yaani mtindo wa herufi, ni hiyo Playfair Display; niliichagua mimi, kamati ikapitisha bila ubishi, maana kwenye simu ilikuwa inavutia mno. Majina ya maharusi juu, makubwa, miguu ya herufi minene imesimama wima, halafu inashikwa na vistari vyembamba kama uzi wa buibui. Katikati ile "&" ya mlazo, imejikunja vizuri hadi mama akaomba simu mara ya pili aiangalie tena.

Siku ya kuchukua mzigo Kariakoo nikafungua boksi palepale. Majina yametoka safi. Nikashuka chini kwenye maelezo. Palipoandikwa "sherehe" panasomeka "shcrchc". Kile kistari kinacholala ndani ya e hakipo. Sisemi kimefifia, hakipo kabisa! Neno moja lina e tatu, na zote tatu zimekwenda. Wino wa dhahabu, kadi ya krimu yenye mikwaruzo mikwaruzo kama kitambaa, maandishi madogo ya pointi 8: vistari vile vingeshika wapi?

Namba za simu za michango nazo balaa. Fonti hii, usipoigusa, tarakimu zake hazikai mstari mmoja. 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini, 6 na 8 zinapanda, na 0 inakuwa fupi kama herufi o. Kwenye kichwa cha habari inapendeza. Kwenye namba ya simu mtu anasita. Wajomba wawili walipiga kuuliza kama kuna tarakimu imekosewa. Tarakimu za kukaa sawa zimo ndani, ila lazima uzitafute kwenye programu na uziwashe mwenyewe, jambo ambalo mimi nimelijua kadi zikiwa zimeshatoka.

Shangazi alivaa miwani, akaisogeza kadi mbali, akaileta karibu, kisha akanirudishia. "Mwanangu, nisomee wewe."

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hata uso hakuinua kwenye simu yake.

"Dada, fonti si umeleta mwenyewe? Sisi tunachapa tu."

Nikamwambia sikuonyeshwa sampuli.

"Sampuli inaombwa."

Nikamwekea kadi mbele, kidole juu ya neno. Akatupa jicho. "Mbona inasomeka? Watu wanajua ni sherehe."

Watu wanajua ni sherehe! Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo.

Usiku huo niliisoma historia ya fonti yenyewe, nikitafuta wa kumlaumu. Ilichorwa na Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ikatolewa 2011, bure kwa yeyote. Alikuwa akiangalia karne ya 18, wakati kalamu za unyoya zenye ncha bapa zilipoanza kupisha kalamu za chuma zenye ncha kali, na hasa herufi za mchapaji John Baskerville wa Birmingham, Uingereza. Na huyo Baskerville hakuishia kwenye herufi. Alihangaikia wino uwe mweusi zaidi, alihangaikia karatasi iwe laini, na kurasa zikishachapwa alizibana kwa mabamba ya shaba yaliyopashwa moto. Mwaka 1757 huo, kwa herufi ambazo vistari vyake ni vinene kuliko hivi vya kwangu! Leo fundi mwenye mashine ya kisasa ananiambia sampuli inaombwa.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: fonti haina kosa, nyota tano, kosa ni la duka.

Lakini hapana. Neno "Display" limo kwenye jina, na maana yake ni fonti ya kuonyeshwa ikiwa kubwa: vichwa vya habari, mabango, majina. Ipo ndugu yake iitwayo Playfair tu, ambayo ukiipunguza vistari vyake vinanenepa ili visomeke. Ningeitumia hiyo chini, na Display juu. Programu niliyotengenezea kadi iliniacha niishushe Display mpaka pointi 8 bila onyo lolote, na hata hao wanaoisifia kila mahali hawasemi. Nikikumbuka miwani ya shangazi naishusha fonti hadi nyota tatu. Nikiangalia ile "&" naipandisha nne. Basi iwe nne, ila kwa majina tu. Chini ya pointi 20 kwenye kadi ya mikwaruzo msiiguse.

Maelezo tulichapa upya kwa fonti nyingine, duka jingine, kwenye kikaratasi laini cha kubandika ndani. Majina tuliyaacha. Mdogo wangu ameweka kadi moja kwenye fremu sebuleni kwake, na ukikaa kwenye kochi unaona majina mawili na ile "&" katikati, basi.