Betri ya gari ikifa, ununue ipi? Mpangilio wetu kwa magari ya Kijapani

Kabla ya kutoa hela, pima alteneta, mtambo unaochaji betri injini ikiwaka. Injini ikiwa inanguruma, vichwa vya betri visome volti 13.8 hadi 14.5. Chini ya 13, hata betri mpya itaishiwa chaji. Ikipita 15, itachemka hadi ikauke.

Kisha soma namba ya betri ya zamani. Kwenye 46B24L, 46 ni nguvu, B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, L ni upande wa vichwa. Unaweza kupanda hadi 55B24L, lakini ukichukua R waya hazitafika. B24 zipo za vichwa vyembamba na vinene. Vinene huandikwa (S). Ukikosea, fundi atajazia kipande cha bati, na hapo ndipo gari inapoanza kusumbua kuwaka.

Kwa IST, Probox na Vitz za zamani, namba moja ni betri kavu, ile iliyofungwa. Hupoteza maji kidogo sana, na kwa joto la Dar au Mombasa hilo ni jambo kubwa.

Gari yenye mfumo wa kujizima yenyewe kwenye foleni na kujiwasha tena haina mjadala: inataka betri ya mfumo huo, yenye namba kama M-42, N-55 au Q-85. Betri ya kawaida itachoka mapema kwa kuwashwa mara nyingi.

Prius yenye betri ya volti 12 kwenye buti inahitaji AGM (betri iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) yenye mpira wa kutolea gesi nje. Usiweke ya maji humo. Gesi yake inalipuka.

Betri ya maji tunaiweka nyuma. Ni rahisi kwa bei, ila inamfaa anayefungua vifuniko kila baada ya wiki mbili na kuongeza maji ya betri hadi yafunike mabamba kwa milimita 10. Si asidi, si maji ya bomba. Zilizofufuliwa tusizipangie nafasi kabisa.

Dukani, angalia tarehe ya kutengenezwa, na omba ipimwe mbele yako: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.4 iache, imekaa sana bila chaji.

Wakati wa kufunga, spana namba 10: hasi itoke kwanza na irudi mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Kaza na kishikio chake pia, kwa sababu mtikisiko wa barabara mbovu hubandua mabamba ndani.