Rangi za kuzuia kutu kwa majengo ya biashara Goma: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, ipi iachwe dukani

Anayenunua rangi ya chuma Goma ananunua pia ulinzi dhidi ya Nyiragongo. Mlima huo wa volkano, wenye mita 3,470, unatoa gesi ya salfa pamoja na asidi za klorini na florini, na jirani yake Nyamulagira naye hutoa zake. Gesi ya salfa ikikutana na maji hewani inageuka asidi, kisha inashuka na mvua juu ya paa. Mara nyingi upepo husukuma moshi huo magharibi, upande wa Rusayo na Sake, lakini ukigeuka, mji nao unapata sehemu yake.

Mabati ya kawaida yamepakwa zinki. Kwenye hewa safi, zinki hujitengenezea ngozi nyembamba ya kijivu inayoikinga kwa miaka mingi. Mvua yenye asidi inaiosha ngozi hiyo. Zinki inatengeneza nyingine, nayo inaoshwa, hadi zinki inakwisha na kutu nyekundu inatokea. Ndiyo maana hesabu ya "bati hili litakaa miaka ishirini" iliyofanywa mji mwingine haina maana kwa mwenye depo pale Birere au hoteli Himbi.

Kabla ya kutaja rangi yoyote, mwulize fundi wako: chini ya rangi kutakuwa na nini? Chuma tupu, zinki, au kutu? Muuzaji atakuambia, "Papa, hii inashika fasi yote." Hakuna rangi inayoshika fasi yote. Makuta mengi yanapotea mjini hapa kwa sababu rangi nzuri imewekwa juu ya kitu kisichoikubali. Mpangilio ufuatao ni wangu, kwa majengo ya biashara: depo, maduka, hoteli, nyumba za etaji, vituo vya mafuta.

1. Epoksi ya sehemu mbili, juu yake poliyurethani

Kwa nguzo, sharpanti (fremu ya paa) ya chuma, ngazi za nje, mageti na minara ya matangi, hii ndiyo ya kwanza, na ya pili iko mbali nyuma yake. Epoksi inashikamana na chuma kwa nguvu, inazuia maji kupenya, na asidi nyepesi ya mvua yetu haiisumbui. Tafuta aina inayoitwa epoksi mastiki, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mkono, kwa brashi ya waya na mashine ya kusugua. Wengi wetu hatuna mashine ya kupuliza mchanga, kwa hiyo sifa hii kwetu ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Udhaifu wake ni jua. Epoksi ikiachwa wazi inageuka vumbi jeupe kama chaki, na hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta. Jua letu ni kali hata siku ya baridi. Ndiyo sababu ya kuifunika kwa poliyurethani. Kwa nje omba mikono miwili (yaani tabaka mbili) ya epoksi, kila mmoja mikroni 80 hadi 100 baada ya kukauka (mikroni elfu moja ni milimita moja), kisha mkono mmoja wa poliyurethani wa mikroni 50 au 60. Ndani ya depo, pasipofika jua, epoksi peke yake inatosha.

Inauzwa kwa madebe mawili, rangi na kigumishi. Usikubali kununua debe moja kwa ahadi kwamba la pili litafika kesho, wala usimruhusu fundi kuchanganya kwa macho. Kipimo kikikosewa, epoksi inabaki inanata na haitakauka hata ukingoja mwezi. Ikishachanganywa ina saa chache tu kabla ya kuganda, basi ichanganywe kiasi kinachoweza kumalizwa. Kigumishi cha poliyurethani kinaumiza mapafu: mfanyakazi avae barakoa yenye chujio la mvuke, si kitambaa, na atumie brashi au rola badala ya kupuliza. Gharama ya barakoa iingie kwenye hesabu yako wewe mwenye nyumba; usimwachie kijana anayelipwa kwa siku.

2. Akriliki ya maji kwa paa la mabati

Nimeiweka ya pili kwa sababu tu ya kwanza inabeba jengo. Kwa paa lenyewe, hii ndiyo ya kununua.

Watu wengi wanapaka mabati rangi ya mafuta, ile ambayo kwenye debe imeandikwa glycérophtalique. Inaonekana nzuri siku ya kwanza, inang'aa, kisha baada ya muda inaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Fundi analaumiwa, mvua inalaumiwa. Kumbe mafuta yaliyomo katika rangi hiyo yanaungana na zinki na kutengeneza aina ya sabuni katikati ya rangi na bati, na juu ya sabuni hakuna kinachoshika. Ni kemia, na fundi hodari kiasi gani hawezi kuishinda. Akriliki haina mafuta hayo. Inavumilia jua, na inafuata bati linapotanuka mchana na kusinyaa usiku bila kupasuka.

Bati jipya lisafishwe kwa maji na sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, lisuguliwe kidogo kwa msasa laini, lipakwe rangi ya msingi iliyoandikwa kwamba ni ya zinki, halafu akriliki mikono miwili. Bati la zamani lenye madoa mekundu: sugua madoa hayo hadi kwenye chuma, yapake kwanza rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha uendelee na paa lote. Bati lililotoboka libadilishwe. Rangi haizibi tundu.

Kama paa linakinga maji ya kunywa, na Goma hilo ni jambo la kawaida, debe lazima liseme wazi kwamba rangi haina risasi na inafaa kwa maji ya kunywa. Mwaga mvua ya kwanza baada ya kupaka. Na ieleweke kwamba rangi haiondoi florini inayoshuka na mvua ya volkano. Hilo ni tatizo lingine, linahitaji suluhisho lake.

3. Mabati yaliyopakwa kiwandani

Ukiwa unaezeka upya, usinunue bati tupu ukifikiria kulipaka baadaye. Nunua lililopakwa kiwandani, hasa lile ambalo chini ya rangi lina mchanganyiko wa alumini na zinki, alumini ikiwa asilimia 55. Alumini inavumilia asidi nyepesi kuliko zinki.

Hapa dukani watakuambia BG 28 au BG 32. Namba hiyo inaeleza unene wa bati (kubwa zaidi ni jembamba zaidi), haisemi chochote kuhusu zinki. Omba namba ya mipako. Z275 ni gramu 275 za zinki kwa mita mraba, pande zote mbili pamoja, karibu mikroni 20 kila upande. Z100 ni kama mikroni 7. Mabati mawili ya BG 28 yanaweza kufanana kabisa rafuni, moja likiwa na kinga karibu mara tatu ya lenzake. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo kwenye karatasi, mwage. Na kagua rundo: unga mweupe kati ya mabati unaonyesha yalihifadhiwa yakiwa na maji, na kinga imeanza kuliwa kabla hujalipa.

Mafundi wakate kwa mkasi wa bati. Mashine ya diski inachoma rangi ukingoni na kurusha vipande vya moto vinavyonasa juu ya paa na kutoa madoa ya kutu baada ya mvua chache. Bati lenye alumini lisigusane na saruji mbichi, kwa kuwa saruji inaila.

4. Antirouille (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) ya kawaida na rangi ya mafuta

Kwa madirisha ya nondo, milango ya ndani, reli za ngazi za ndani, hii inatosha, ni rahisi, kila fundi anaijua. Chagua yenye fosfeti ya zinki. Kwa chuma cha nje katika mji huu siipendekezi, isipokuwa uko tayari kupaka upya mara kwa mara. Minium nyekundu ya zamani yenye risasi iache dukani, hata ikiwa bei yake inavutia: vumbi lake siku ya kusugua linaingia kwenye damu ya wafanyakazi na watoto wa jirani.

5. Rangi yenye zinki nyingi

Ni kinga nzuri sana, lakini inataka chuma kilichopulizwa mchanga hadi kiwe cheupe. Juu ya kutu ni pesa ya bure. Kwa wenye karakana ya kweli tu, na ifunikwe kwa epoksi.

6. Lami

Kwa miguu ya nguzo inayoingia ardhini, ndiyo. Juani inapasuka, na maji ya paa yanachukua ladha yake.

Jinsi ya kulinganisha bei

Angalia kwenye fiche technique, karatasi ya kiwanda yenye maelezo ya rangi, asilimia ya ujazo inayobaki rangi ikikauka. Debe la lita 20 lenye asilimia 30 linakuachia lita 6 ukutani. Lenye asilimia 45 linakuachia lita 9. La pili likizidi bei kwa nusu, bado ni sawasawa, na likizidi kwa robo, hilo ndilo rahisi.

Kujua kiasi, zidisha asilimia hiyo kwa 10, gawa kwa mikroni unazotaka: unapata mita mraba kwa lita. Rangi ya asilimia 40 kwa mikroni 40 inafunika mita 10. Paa la mita 20 kwa 15 ni mita 300; mikunjo ya bati inaongeza labda asilimia 15, unapata 345. Mikono miwili ni lita 69, ongeza asilimia 20 ya upotevu, inakuwa karibu lita 83: madebe manne ya lita 20 na moja la lita 4. Fundi akikuambia madebe mawili yanatosha, ameshaamua kuongeza maji.

Siku za kazi

Juni hadi Agosti. Kwanza osha chuma kwa maji mengi safi, halafu ndipo usugue, kisha uoshe tena. Ukisugua kabla ya kuosha, chumvi na asidi za volkano zinasukumwa ndani ya vishimo vya kutu, na rangi itavimba malengelenge juu yake. Usianze asubuhi na mapema. Umande wetu ni mzito. Ngoja chuma kikauke kabisa, na ukomeshe kazi mapema alasiri, rangi ipate kushika kabla ya baridi ya jioni.

Mafundi wapewe kitana cha kupimia rangi mbichi, kifaa kidogo cha meno kinachoonyesha mikroni papo hapo. Makubaliano yaandike mikroni, wala yasiishie kwenye "mikono miwili". Kila mkono uwe na rangi tofauti kidogo, wa kwanza kijivu na wa pili mweupe kwa mfano, ili uone kwa macho palipokosewa. Bakiza sehemu ya malipo hadi mvua za Septemba na Oktoba zipite, kisha pandeni pamoja mkague viungo, vichwa vya misumari na kingo, maana kutu huanzia huko.